Yidnekatchew Tessema: Mtu wa Kanuni Katika Kandanda ya Afrika



Kila tunapokutana, wanafunzi wa zamani wa shule hii, mazungumzo hayakawii kufika uwanjani. Tutakumbushana aliyefunga bao la ushindi, golikipa aliyedaka penalti, na beki aliyecheza pekupeku akawashinda waliovaa njumu. Lakini ni nadra kumsikia mtu akimtaja kijana aliyekuwa katibu wa michezo: yule aliyeandika orodha ya wachezaji, akatunza mpira na jezi, akapeleka barua ya kuomba mechi, na siku ya ubishi akafungua kitabu cha kanuni mbele ya wote. Bila yeye mechi isingechezwa, na kama ingechezwa ingeishia kwenye ugomvi.

Kwa ajili hiyo safari hii nimeona niwaletee maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo ya ukatibu si kwa shule moja, bali kwa bara zima. Hakuwa mtu wa Tanga wala wa pwani yetu. Alikuwa Mhabeshi, kwa jina Yidnekatchew Tessema, rais wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, tangu mwaka 1972 hadi alipofariki mwaka 1987. Hata hivyo habari zake zinatuhusu. Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na mji mzima wa Tanga ukatoka barabarani, heshima ya ubingwa ule haikuishia Mkwakwani, kwa sababu bingwa wa nchi hupata njia ya kwenda kupambana na mabingwa wa nchi nyingine za Afrika. Njia hiyo haikujitengeneza yenyewe. Ilitengenezwa mezani na watu wachache, na Yidnekatchew alikuwa mmojawapo tangu siku ya kwanza.

MTOTO WA MWIMBAJI

Yidnekatchew alizaliwa tarehe 11 Septemba 1921 katika mji wa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kwa desturi ya Wahabeshi, kama ilivyo kwetu watu wa pwani, jina la pili ni jina la baba, wala si jina la ukoo. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji mashuhuri, na ndiye Mhabeshi wa kwanza kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri. Alizirekodi huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi kabla ya Siti binti Saad wetu kusafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kwa kazi kama hiyo.

Kijana huyo alikulia Addis Ababa, na huko akakutana na kandanda. Mwaka 1935 ilianzishwa klabu ya Saint George, klabu ya wenyeji katika mji uliokuwa na timu za wageni wa mataifa mbalimbali. Yidnekatchew aliichezea klabu hiyo moja tu maisha yake yote ya uchezaji, miaka 23. Kumbukumbu zinampa mabao 318 katika mechi 365. Aliichezea pia timu ya taifa ya Ethiopia mara 15. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba alikuwa miongoni mwa wale viongozi wa mpira wasiojua mpira ni wa duara au wa pembe.

Lakini kabla Saint George haijatimiza mwaka mmoja na nusu, nchi iliingiliwa. Majeshi ya Mussolini yaliingia Addis Ababa mwezi Mei 1936, na Waitalia wakaitawala nchi kwa mabavu hadi mwaka 1941. Katika utawala huo Wahabeshi walitengwa na Wazungu katika mambo mengi, na michezo haikusalimika. Mwenyeji alicheza na mwenyeji mwenzake, na Mzungu na Mzungu mwenzake. Yidnekatchew alikuwa na umri wa miaka 14 wageni hao walipoingia, na miaka 19 walipofukuzwa. Ile ndiyo miaka ambayo kijana hujifunza mambo asiyoyasahau. Alijua ubaguzi uwanjani una sura gani, kwa kuwa alikuwa ameuchezea ndani yake.

Baada ya uhuru wa nchi kurudi mwaka 1941, Yidnekatchew alikuwa miongoni mwa vijana walioweka misingi ya michezo ya Ethiopia na ya chama chake cha kandanda. Huku akiendelea kucheza, alishika kalamu. Mchana alikuwa mtu wa faili, jioni mtu wa mabao.

KHARTOUM, 1957

Miaka ya hamsini Afrika ilikuwa na nchi chache zilizojitawala, na sauti yake katika Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, ilikuwa ndogo sana. Mwezi Juni 1956 FIFA ilifanya mkutano wake mkuu mjini Lisbon, Ureno. Wajumbe wa Misri, Sudan na Afrika Kusini walikutana huko, wakakubaliana kwamba Afrika iwe na shirikisho lake na kombe lake. Mwezi Februari 1957 wakakutana tena mjini Khartoum kutimiza ahadi hiyo, na Yidnekatchew alikuwa hapo kwa niaba ya Ethiopia. Hapo ndipo ilipozaliwa CAF.

Nchi zilikuwa nne tu, na mashindano ya kwanza yalipangwa yawe ya nchi hizo hizo nne. Katika nusu fainali Misri ingecheza na Sudan, na Ethiopia ingecheza na Afrika Kusini. Ndipo likazuka jambo. Afrika Kusini ya wakati ule, chini ya sheria za makaburu, ilikuwa tayari kuleta timu ya Wazungu watupu, au ya Waafrika watupu, lakini si timu moja yenye wachezaji wa rangi zote. Wenzao watatu walikataa. Walishikilia kwamba timu ya taifa ni ya taifa zima, na kwamba nchi isiyoweza kuleta timu ya namna hiyo haina nafasi katika kombe la Afrika. Afrika Kusini haikucheza.

Yafaa tulitazame jambo hili vizuri. Shirikisho lilikuwa ndilo kwanza linazaliwa, na wanachama wake walikuwa wanne tu. Kumtoa mmoja ilikuwa kupoteza robo ya nyumba kabla paa halijaezekwa. Watu waangalifu wangeweza kusema, na tuanze kwanza, hayo mengine tutayatazama mbele ya safari. Yidnekatchew na wenzake hawakusema hivyo. Waliona kwamba kanuni ikilegezwa siku ya kwanza haitakazwa tena.

Mtu mwenye ulimi mkali anaweza kudai kuwa Ethiopia ilinufaika, maana ilipita moja kwa moja hadi fainali bila kutoa jasho. Ni kweli ilipita, lakini huko fainali ilikutana na Misri ikafungwa mabao 4 kwa bila, na yote manne akayafunga mtu mmoja, El-Diba. Faida ya namna hiyo hakuna anayeililia.

KOMBE LA 1962

Miaka mitano baadaye, mwezi Januari 1962, mashindano ya tatu yalifanyika Addis Ababa, na Yidnekatchew ndiye aliyeiongoza timu ya nyumbani kama mwalimu wake. Uganda nayo ilishiriki, ikawa ya kwanza kutoka pande zetu hizi za Afrika Mashariki kufika katika fainali hizo. Ilifungwa na Misri kwa taabu, 2-1, katika nusu fainali.

Ethiopia iliitoa Tunisia kwa mabao 4-2, kisha ikakutana na Misri ile ile iliyoifunga Khartoum, ambayo wakati huo iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Mara mbili Wamisri walitangulia kufunga, na mara mbili wenyeji wakasawazisha, bao la pili likipatikana dakika chache kabla ya mwisho. Katika muda wa nyongeza Ethiopia ikaongeza mawili, mpira ukaisha 4-2, na Mfalme Haile Selassie akamkabidhi kombe nahodha wa timu.

Nahodha huyo alikuwa Luciano Vassalo, na mdogo wake Italo alikuwamo pia katika kikosi na alifunga bao siku hiyo. Ndugu hao walikuwa chotara, mama yao Mueritrea na baba yao Mwitaliano, yaani wa taifa lile lile lililowahi kuivamia nchi. Walicheza bega kwa bega na akina Mengistu Worku. Kwa hiyo jambo ambalo makaburu walidai haliwezekani, timu moja ya watu wa asili mbalimbali, Ethiopia ililionyesha mbele ya macho ya Afrika, na ikashinda nalo. Nadhani hiyo ndiyo hotuba bora kuliko zote alizopata kuzitoa Yidnekatchew, na ilitolewa kwa miguu ya vijana wake.

AFRIKA YAKATAA KWENDA UINGEREZA

Mwaka 1964 FIFA ilitangaza mgawo wa nafasi za Kombe la Dunia la 1966, lililokuwa lifanyike Uingereza. Nafasi zilikuwa 16. Ulaya ilipewa 10, Amerika ya Kusini 4, Amerika ya Kaskazini na Kati pamoja na Karibi 1. Ile moja iliyobaki iliachwa igombewe na Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Maana yake ni kwamba bingwa wa Afrika, akishamaliza kuwashinda Waafrika wenzake, alikuwa bado anadaiwa kwenda kupambana na mshindi wa Asia ili apate kuingia mlangoni.

Waliosimama mbele kupinga mgawo huo ni wawili: Ohene Djan wa Ghana, aliyekuwa mkuu wa michezo katika serikali ya Nkrumah, na Yidnekatchew wa Ethiopia. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Nchi za Afrika zilikuwa zimejipatia uhuru na kujiunga na FIFA kwa wingi, zilikuwa na mashindano yao yenye utaratibu, na zililipa gharama kubwa za safari. Kwa hiyo zilistahili walau nafasi moja iliyo yao. Liliongezeka na la pili, nalo ni Afrika Kusini. FIFA ilikuwa imeisimamisha mwaka 1961, lakini mwaka 1963 ikairudisha, baada ya rais wake, Sir Stanley Rous wa Uingereza, kwenda huko kuitembelea.

CAF ikaamua kwamba Afrika haiendi. Timu 15 zikajitoa katika mchujo. Kombe la 1966 likachezwa bila nchi hata moja ya Afrika, huku mfungaji bora wa mashindano akiwa Eusébio, kijana aliyezaliwa na kulelewa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, akiwa amevaa jezi ya Ureno kwa mabao yake 9. Nafasi ile ya kugombewa iliangukia Korea ya Kaskazini, nayo ikaishangaza dunia kwa kuitoa Italia.

Ilikuwa hasara, wala tusijidanganye. Wako wachezaji wa Ghana na wa nchi nyingine waliokuwa katika kilele cha uwezo wao mwaka ule, na nafasi haikuwarudia tena. Lakini kilichofuata kila mtu alikiona. Kwa Kombe la 1970, nchini Mexico, Afrika ilipewa nafasi kamili, na Morocco ikaenda. Mwaka 1978 Tunisia iliifunga Mexico 3-1, ushindi wa kwanza wa Afrika katika Kombe la Dunia. Mwaka 1982 nafasi zikawa mbili, na Algeria ikaifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Waliozoea kubeza wakanyamaza.

RAIS WA CAF

Mwaka 1972 Yidnekatchew alichaguliwa kuwa rais wa CAF. Aliikuta Afrika Kusini ikiwa imesimamishwa tena na FIFA tangu mwaka 1964, lakini bado haijafukuzwa, na Sir Stanley Rous akiwa bado kitini. Mwezi Juni 1974, mjini Frankfurt, ulifanyika uchaguzi wa rais wa FIFA. João Havelange wa Brazil aligombea dhidi ya Rous, akiahidi nafasi zaidi kwa mabara yaliyosahauliwa, na kura za Afrika zilimsaidia sana kushinda. Miaka miwili baadaye, mwezi Julai 1976, mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Montreal, Kanada, ukaifukuza Afrika Kusini kabisa.

Wakati huo huo katika mji huo huo wa Montreal yalikuwa yakianza mashindano ya Olimpiki, na nchi nyingi za Afrika zilijitoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu. Tanzania yetu ilikuwa mojawapo. Wazee wenzangu wanakumbuka uchungu wake: Filbert Bayi, aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu mwaka 1974, hakupata kukutana na John Walker wa New Zealand katika mbio ambazo dunia nzima ilikuwa ikizingoja. Msimamo una gharama, na mara nyingi anayelipa ni kijana aliyejiandaa kwa miaka mingi. Yidnekatchew, aliyekuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, aliijua gharama hiyo.

Katika miaka 15 ya uongozi wake CAF ilikua kutoka shirikisho la watu wachache hadi kuwa nyumba ya bara zima. Kombe la Washindi la Afrika lilianza mwaka 1975. Taifa Stars yetu ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Lagos mwaka 1980, baada ya kuitoa Zambia kwa bao 1-0 nyumbani na sare ya 1-1 Ndola, siku ile ya bao la Peter Tino. Huko Lagos tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare 1-1 na Côte d'Ivoire. Tulirudi tena katika fainali hizo mwaka 2019, baada ya miaka 39.

Nchini kwake mambo yalibadilika sana katika kipindi hicho. Mwezi Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Haile Selassie, mfalme aliyelitoa kombe la 1962, na nchi ikaingia katika miaka ya misukosuko na damu. Yidnekatchew aliendelea na kazi ya Afrika. Mwaka 1976 fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilifanyika Ethiopia, na Morocco ikalitwaa kombe.

PALE ALIPOSHINDWA

Hatumwandiki malaika. Kuna jambo moja ambalo Yidnekatchew alilishikilia na likamshinda. Tangu mwaka 1965 CAF ilikuwa na kanuni kwamba timu ya taifa isichezeshe zaidi ya wachezaji wawili wanaocheza nje ya Afrika. Nia yake ilikuwa kulinda ligi za nyumbani. Yeye aliona mapema kwamba klabu tajiri za Ulaya zingekuja kuvuna vijana kama mkulima avunavyo shamba asilolilima, na kwamba viwanja vya Afrika vingebaki na makapi.

Lakini kanuni hiyo ilimwumiza mchezaji aliyekwenda kutafuta riziki yake kwa halali, akanyimwa haki ya kuitumikia nchi yake. Ilidhoofisha pia timu zenyewe. Mwaka 1982 ikafutwa, na tangu hapo vijana wametoka kwa mamia. Hata hivyo swali alilolileta halikufa naye. Mwaka 2009 CAF ilianzisha mashindano ya mataifa kwa wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu, CHAN, na Tanzania ilishiriki tangu mwaka huo wa kwanza. Mwezi Agosti 2025 sisi, Kenya na Uganda tulikuwa wenyeji wake, na Taifa Stars ikafika robo fainali kabla ya kufungwa na Morocco bao 1-0 Dar es Salaam. Aliyekuwa amekaa jukwaani siku ile akiwashangilia vijana wa ligi yetu alikuwa, pengine bila kujua, akishangilia wazo la mzee wa Addis Ababa.

MWISHO WA SAFARI

Yidnekatchew Tessema alifariki tarehe 19 Agosti 1987, akiwa bado rais wa CAF. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 66. Hakuuona mwisho wa jambo lililoanza Khartoum. Afrika Kusini ilirudi katika kandanda ya dunia mwaka 1992, ubaguzi ukiwa unabomoka, na mwezi Februari 1996 ikalitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nyumbani kwake kwa kuifunga Tunisia 2-0, mbele ya Rais Nelson Mandela. Nahodha aliyelipokea kombe, Neil Tovey, alikuwa Mzungu, na wengi wa wenzake uwanjani walikuwa weusi. Ilikuwa timu ile ile iliyodaiwa mwaka 1957 ikakosekana. Ilichukua miaka 39 kufika.

Kwenu vijana mlioko darasani sasa, nina neno moja. Si kila mmoja wenu atafunga mabao, na Mungu hakutugawia miguu sawa. Lakini kila timu inahitaji mtu wa kutunza daftari, wa kusoma kanuni hadi mwisho, na wa kukataa kwa adabu pale ambapo wengi wanataka kupitisha jambo haraka haraka ili waende nyumbani. Kazi hiyo haina shangwe. Anayeifanya hapigiwi makofi, na siku timu ikifungwa ndiye wa kwanza kulaumiwa. Yidnekatchew alijaliwa kufanya zote mbili, na kama angekumbukwa kwa mabao yake 318 peke yake, leo angekuwa anakumbukwa Addis Ababa tu.

Basi mwaka ujao tukikutana tena, Inshallah, tukimaliza kuwataja wafungaji wetu, tuwataje na makatibu wetu. Wapo kati yetu, nywele zimeshakuwa nyeupe, na baadhi yao hadi leo wanazo zile orodha.